Mgonjwa wa tumbo: anza na maswali, mkono uje mwisho

"Tumbo linauma." Faili nyingi zinakuja na maneno hayo kutoka mapokezi, na nyingine hazina zaidi ya hayo. Niko wodi ya wanaume, mkoani Mwanza, na wanafunzi wa uuguzi wanaoletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo huwa naanza nao hapo. Hayo ni malalamiko ya mgonjwa, bado si taarifa. Taarifa unaitafuta mwenyewe, na nyingi utaipata kabla hujagusa tumbo lake.

Mwambie aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Anayeweka kidole kwenye chembe ya moyo na anayepitisha kiganja kizima kuzunguka kitovu hawana tatizo moja. Uliza lilianza lini, ghafla au polepole, na kama limehama. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakateremka kulia karibu na kinena yakufanye ufikirie kidole tumbo. Yanayotoka chembeni na kupenya hadi mgongoni yakukumbushe kongosho. Linachoma, linasokota au linabana? Likianza anataka kutulia tuli au anagaagaa? Mwenye utumbo uliotoboka hataki hata kitanda kiguswe, ilhali mwenye jiwe la figo hapati mkao.

Kisha kutapika na choo. Matapishi ni ya rangi gani, na ni kiasi gani: kikombe au beseni? Mara ya mwisho alipata choo lini? Hewa inatoka? Hili la hewa wengi wanaona aibu kuuliza, na mgonjwa anaona aibu zaidi kujibu, lakini tumbo lililojaa, kutapika, kukosa choo na kukosa hewa vikikutana, mchukulie kuwa utumbo umeziba mpaka daktari aseme vinginevyo. Asipewe kitu mdomoni, hata uji ambao ndugu wameshaumimina kwenye kikombe.

Rangi ya choo ni shida ya pekee. Mtu anayetumia choo cha shimo, tena usiku, hajui rangi ya choo chake. Ukimwuliza "choo ni cheusi?" atajibu "hapana" kwa sababu hajawahi kukitazama. Mimi nauliza hivi: "Umekitazama kwa macho yako?" Akisema hapana, anapewa poti na choo cha kwanza hakimwagwi mpaka nikione. Choo chenye damu iliyotoka juu, yaani tumboni au kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni), ni cheusi, kinanata, kinang'aa kama lami, na kina harufu ambayo ukiinusa mara moja utaitambua ukiwa mlangoni. Vidonge vya madini ya chuma navyo vinatia choo weusi, ila hakinati na hakina harufu ile.

Swali la dawa linahitaji ujanja kidogo. "Unatumia dawa yoyote?" Atajibu hakuna, na hasemi uongo, kwake dawa ni ile aliyoandikiwa hospitali. Badilisha: "Mgongo au magoti yakikusumbua unameza nini?" Hapo ndipo diklofenaki inajitokeza, na ibuprofeni, na vile vidonge vya kuchanganya vinavyofungwa kwenye kijikaratasi dukani. Dawa hizi na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori ndio visababishi vikubwa vya vidonda vya tumbo. Mitishamba iulize kwa sauti ileile uliyoulizia vidonge. Ukikunja uso, hutaambiwa tena. Pombe uliza aina na kiasi, kwa sababu chupa ya bia na chupa ya gongo hazilingani. Na ukiwa zamu upande wa wanawake, kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu chini ya kitovu aulizwe siku zake za mwisho na apimwe ujauzito, hata akiapa. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huanza kwa "tumbo linauma" vilevile.

Kuna la adabu. Mzee wa miaka sabini hatamweleza binti wa umri wa mjukuu wake habari za haja kubwa huku mkwewe amesimama pembeni. Shikamoo kwanza, vuta pazia, omba ndugu wasubiri nje kidogo, ndipo useme: "Samahani mzee, nalazimika kuuliza haya ili tukusaidie." Kama Kiswahili chake ni kidogo, tafuta mwenzako anayejua Kisukuma au Kikerewe badala ya kumtumia mtoto wake kutafsiri.

Baada ya maswali, macho. Angalia weupe wa jicho kama una manjano, na ndani ya kope la chini kama pamepauka. Tazama ulimi kama umekauka. Tumbo lenyewe likague akiwa amelala chali, mto mmoja, magoti yamekunjwa: limevimba, lina kovu la upasuaji, mishipa imejitokeza kuzunguka kitovu, linapanda na kushuka anapopumua? Tumbo lisilosogea na pumzi linaweza kuwa na maambukizi ndani.

Halafu masikio, kabla ya mkono. Kifua tunakigusa na kukigonga kabla ya kusikiliza, tumboni mpangilio ni mwingine: kutazama, kusikiliza, kugonga, kugusa. Ukianza kubonyeza unaweza kubadilisha sauti za utumbo, na ukimwumiza mapema atakaza misuli na hutapima tena kitu. Weka stetoskopu chini kulia. Sauti 5 hadi 30 kwa dakika ni kawaida. Usiandike "hakuna sauti" kabla ya dakika tano kamili, na najua zamu ya usiku yenye wagonjwa arobaini haitoi dakika tano kirahisi. Basi andika "sijasikia kwa dakika moja", huo ndio ukweli.

Ukigusa, pasha mikono joto, anza mbali na panapouma, na macho yako yawe usoni kwake, si tumboni. Uso utakunjika kabla hajasema. Tumbo gumu lisilobonyea, hasa kwa mtu aliyekuwa na homa ya tumbo (taifodi) wiki kadhaa, ni la kumpigia daktari simu sasa hivi, siyo la kusubiri raundi ya asubuhi. Upande wa kushoto chini ya mbavu tafuta bandama. Kwa mtu mzima mwenye afya huipati kwa vidole. Huku kwetu utaipata mara nyingi, na hiyo inanileta kwa mgonjwa ninayetaka kumzungumzia kwa kirefu.

Ni mvuvi, au amekulia ufukweni. Ameletwa usiku, shati lina damu, ndugu wamebeba beseni. Hana manjano, hanywi pombe, na jana alikuwa kazini. Bandama imefika karibu na kitovu. Kando ya Ziwa Victoria, picha hii mara nyingi ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake inapitia kwa konokono wa majini, inaingia kwa ngozi, na mayai yake hukwama kwenye ini mwaka baada ya mwaka yakiacha makovu kuzunguka mishipa. Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama inakosa njia ya kupita kwenye ini, presha ya mishipa hiyo inapanda, nayo damu inatafuta mchepuko kupitia mishipa ya umio, ambayo huvimba na siku moja hupasuka. Ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi, ndiyo maana hana manjano.

Kwa huyu mambo yanakwenda kwa pamoja. Mlaze ubavu wa kushoto, kichwa kimeinuliwa kidogo ili damu isiingie mapafuni, mashine ya kufyonza iwe karibu na umehakikisha inafanya kazi. Asile wala asinywe. Pima oksijeni, ikiwa chini ya asilimia 94 mwekee. Weka kanula (mirija ya kuingizia dripu kwenye mshipa) mbili kubwa, kijani au kijivu, mikono yote miwili. Ya waridi itaingia kirahisi, lakini damu itapita taratibu mno. Ukiweka ya kwanza chukua hapohapo sampuli za kundi la damu na kulinganisha, HB (kipimo cha wingi wa damu) na vipimo vya ini, kisha mtu apeleke maabara kwa mguu. Usiitegemee HB ya kwanza: mtu anayetoka damu sasa hivi anapoteza maji na chembe kwa pamoja, kwa hiyo kipimo kinaweza kusoma 11 huku anakwisha.

Cha kutegemea ni mapigo. Mtu wa kilo 60 ana damu ya lita 4 na kitu. Anaweza kupoteza karibu lita moja na presha yake ikasoma 110 kwa 70, huku mapigo yameshapita 100, vidole ni vya baridi na anahangaika kitandani akiomba maji. Nikipokea zamu nikaambiwa "presha iko sawa, ametulia", nauliza mapigo. Ila kuna mtego: aliyekuwa akitumia propranolo, dawa inayopunguza mapigo na presha ya mishipa ile, mapigo yake hayapandi vizuri hata akiwa hatarini, kwa hiyo kadi yake ya kliniki ikaguliwe mapema. Kwa anayeweza kukaa, pima akiwa amelala, kisha amekaa. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au kizunguzungu kikimshika, amepoteza nyingi. Aliyepauka akiwa amelala usimkalishe ili tu ujaze chati.

Pima kila dakika 15 mpaka atulie, kisha kila nusu saa. Weka mpira wa mkojo. Unatafuta walau mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa, maana yake 30 kwa yule wa kilo 60. Matapishi yamwagwe kwenye jagi lenye alama na yaandikwe kwa mililita na rangi, kwa sababu damu nyekundu mbichi na matapishi ya rangi ya machicha ya kahawa havina uzito sawa kwenye maamuzi ya daktari. Dripu za RL (Ringer's lactate) au NS (maji ya chumvi) zipite kwa awamu kama zilivyoagizwa, upime tena kila chupa inapoisha. Hapa wengi hufurahi kumwaga maji mengi, na kwa mishipa ya umio kufurahi huko kuna gharama: ukimjaza kupita kiasi, presha ya mishipa ile inapanda tena na kidonda kinafunguka upya. Ndiyo sababu aliyetulia daktari huenda asimwongezee damu mpaka HB ishuke chini ya 7, na lengo likawa 7 hadi 8 tu. Waeleze ndugu hilo mapema, la sivyo watadhani mnabania damu.

Daktari anaweza kuagiza okitriotaidi, ya kushusha presha ya mishipa ile, kama ipo, na seftriaksoni, ambayo ni antibayotiki. Matibabu yenyewe ni endoskopi (mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni) ya kufunga mishipa kwa vipete vya mpira, na kwa Kanda ya Ziwa hiyo ina maana ya rufaa, mara nyingi hospitali ya Bugando, Mwanza mjini. Barua ya rufaa iwe na mwenendo wa mapigo na presha kwa saa, kiasi cha damu aliyotapika na aliyoongezewa, na muda wa mwisho wa kila dawa. Anasafirishwa na muuguzi, kanula zote mbili zikipita.

Mgonjwa ambaye ini limechoka kweli, kwa pombe au homa ya ini B, anahitaji ziada moja. Damu iliyobaki utumboni inasagwa na kuzalisha amonia, ambayo ni sumu, na ini lililochoka haliiondoi, inampanda kichwani. Kila zamu mwulize leo ni siku gani, na mwambie anyooshe mikono mbele akiwa amekunja viganja juu. Vikipigapiga vyenyewe, toa taarifa. Laktulosi, dawa ya kulainisha choo, ikiagizwa, lengo ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku, basi hesabu choo, siyo vijiko. Mwenye maji tumboni apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, na mzunguko wa tumbo upimwe kwenye alama ileile uliyochora kwa kalamu usawa wa kitovu.

Siku ya kuruhusiwa nakaa na mgonjwa pamoja na mke wake, au yeyote anayempikia na kumshikia dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini marufuku. Maumivu anywe parasetamo, na ini likiwa bovu isizidi gramu 2 kwa siku. Propranolo asiiache ghafla kwa sababu anajisikia vizuri. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, imeua minyoo ya sasa, lakini makovu yapo, na akirudi majini anaambukizwa upya. Simwambii mvuvi aache kuvua, angeniona sijui maisha. Namwambia arudi kila mwaka anywe dawa, na watoto wasikojoe wala kujisaidia ufukweni. Endoskopi ya marudio ni baada ya wiki 2 hadi 4, tarehe imeandikwa. Choo akitazame kwa tochi kila siku, na kikiwa cheusi chenye kunata asisubiri atapike. Anayetoka visiwani, Ukerewe au Kome, namwuliza boti ya mwisho inaondoka saa ngapi, na usiku ni nani kijijini mwenye boti ya injini anayeweza kuamshwa. Jina la huyo mtu na namba yake tunaviandika kwenye kadi, chini ya orodha ya dawa.