Dagaa wa kuuza hosteli: nunua gizani, si mbalamwezi

Kwa mwanachuo wa Mwanza anayeanza na mtaji wa sado (ndoo ndogo ya kupimia) moja au mbili za dagaa wa kukaanga na kuuza: kabla ya kwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, angalia mwezi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro wanaifuata taa kwa wingi. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, mitumbwi mingi inapumzika na bei inapanda. Kwa hiyo nunua wiki ya giza, mzigo wa kukuvusha siku za mbalamwezi tu.

Chagua waliokauka juu ya chanja au nyavu. Wa mchangani ni rahisi, lakini mchanga hauishi hata ukiosha mara tatu, na mteja akiutafuna mara moja harudi kwako tena. Vunja mmoja: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda muache.

Ukishakaanga, chuja mafuta, tandaza kwenye karatasi na usubiri wapoe kabisa ndipo ufungashe. Wakifungwa na joto, mvuke unageuka maji ndani ya kifuko na kesho yake ni laini kama mlenda. Pilipili na chumvi weka wakiwa bado wa moto, zishike.

Mbinu hii hukwama masika: hata giza likiwepo, jua hakuna, dagaa wanauzwa wabichi nusu na wanavunda haraka. Hapo nunua wa siku tatu tu. Na usiweke akiba ya mwezi mzima, maana mafuta yao huchacha.