Usiku wa Addis Ababa kwa mgeni aliye peke yake

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo tunaopitia Addis Ababa kwenda Guangzhou tunaujua mji ule kwa viti vya uwanja wa ndege wa Bole tu. Mimi hukata tiketi ya kunipa usiku mmoja au mbili mjini, na nawasihi dada zangu mfanye hivyo. Nimetembea peke yangu kwenye miji mingi ya biashara, na sijaona mji mwingine ambao mgeni anapokewa mezani kama pale. Ila mapokezi hayo yana utaratibu wake, na ni vizuri uujue kabla hujatoka hotelini.

Kwanza baridi. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo gauni la Dar peke yake halitoshi, beba koti. Kileo nacho kinywe polepole ukiwa juu hivyo, hasa siku ya kwanza. Kula kwanza.

Pili, angalia kalenda ya Waorthodoksi. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na utaletewa shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, na sinia la mboga za kila rangi, chakula ambacho mimi nakipenda kuliko hata nyama zao. Lakini ule mfungo mrefu wa kabla ya Pasaka, siku 55, usiku unapoa sana na baadhi ya nyumba za muziki hufungwa. Kama unakwenda kwa ajili ya muziki, subiri Pasaka yao ipite, uende Jumamosi.

Sasa wapi. Kumbi kubwa za disko za mtaa wa Bole ni nzuri, lakini muziki wake unaupata hata Mikocheni. Ulizia azmari bet, yaani nyumba ya malenga. Zamani jibu lilikuwa Kazanchis, ila sehemu kubwa ya mtaa huo ilibomolewa mwaka 2024, kwa hiyo usifuate maelekezo ya miaka ya nyuma. Muulize dada wa mapokezi hotelini, tena siku ileile, ni ipi anayokwenda yeye na ndugu zake. Mwombe akuitie teksi anayoijua.

Fika mapema, saa mbili au saa tatu, kabla watu hawajajaa. Salimia waliokaa jirani: selam, pamoja na kuinamisha kichwa kidogo. Kijana mwenzako mwite wendime, kaka yangu, au ihite, dada yangu. Akiingia mtu mzima, wenzako wakinyanyuka nawe nyanyuka. Hayo tu yanatosha watu wakusogezee kiti.

Malenga huingia na masinko, fidla ya uzi mmoja wa singa za farasi, yenye tumbo la mbao lililowambwa ngozi. Anazunguka meza hadi meza akitunga palepale. Akifika kwako atawauliza majirani: huyu ni nani, katoka wapi? Wape jina lako na kwenu, kwa sababu ndiyo malighafi ya wimbo. Ataimba kuhusu nywele zako, safari yako, mume uliyemwacha nyumbani au usiyenaye, na ukumbi mzima utacheka. Usinune. Mashairi yao yana maana ya juu na maana iliyofichwa chini, na sisi tuliolelewa na mipasho ya taarabu tunauelewa mchezo huo hata kabla ya kutafsiriwa. Mwombe jirani akunong'oneze. Tena nawe unaruhusiwa kumpa malenga mstari wa kumwimbia mwingine. Mimi humtumia aliyenisengenya kwanza, na hapo ndipo urafiki huanza.

Kutunza kupo, kama kwetu. Noti hubandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji au huwekwa mkononi mwake. Vunja pesa mapema upate birr ndogondogo, maana ukitoa noti kubwa mara ya kwanza atakaa mezani kwako usiku kucha. Ukivutwa kucheza, simama. Eskista ni ngoma ya mabega, kiuno kinatulia, na watakufundisha kwa furaha.

Kinywaji cha nyumba ni tej, pombe ya asali inayochachushwa kwa majani ya gesho, ndani ya chupa ya duara yenye shingo nyembamba. Ni tamu, na utamu huo ndio unaowaangusha wageni. Usiyekunywa kileo omba birz, asali na maji ambayo haijachachuka, au maji ya Ambo yenye gesi. Sijawahi kuona mtu akilazimishwa.

Kwenye chakula, nawa na tumia mkono wa kulia. Mtu atakata injera, ule mkate wao mwembamba na mpana, aikunje na mchuzi, aisogeze hadi mdomoni kwako. Hiyo ni gursha. Fungua mdomo wote, maana tonge huwa kubwa, na kukataa kunamwumiza aliyekupa. Baadaye rudisha, ukianzia kwa aliye mkubwa kuliko wote mezani.

Hapa nasema kwa uzito. Wapo vijana wanaowafuata wageni barabarani, wakijiita wanafunzi, wakiwaalika kwenye "sherehe ya utamaduni" ndani ya nyumba fulani; ukiingia unaletewa vinywaji na wasichana wa kucheza, kisha bili ya kutisha. Mwaliko wa kweli hauna haraka. Aliyekula nawe jana akisema njoo kesho mchana kwa mama tunywe kahawa, huyo nenda, uiambie hoteli unakokwenda. Beba sukari, matunda au kahawa mbichi. Kahawa itakaangwa mbele yako, utasogezewa moshi uunuse, na vikombe vitakuja vitatu: abol, tona, bereka. Cha tatu ndicho cha baraka. Usiage kabla yake.

Kuhusu kurudi: Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia asubuhi, kwa hiyo saa nne usiku ya dereva ni saa nne yako. Tiketi ya ndege ndiyo inayotumia saa za kizungu, na kijana wa hoteli huenda akakutajia hizo kwa kukuona mgeni. Ndege nyingi za Asia huondoka usiku. Mwonyeshe dereva muda kwenye simu, akubali bei kabla hujapanda, na begi la safari liache mapokezi likiwa limeshafungwa.