Kukabili Minyoo Sugu kwa Farasi
Mfugaji anayewapa farasi wake wote dawa ya minyoo kila baada ya miezi miwili, hata wasioihitaji, huwaua minyoo dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu wazaane. Ndivyo minyoo wadogo wa utumbo mpana, yaani sayathostomini, walivyozishinda dawa za benzimidazoli katika nchi nyingi.

Basi anza na kinyesi. Mpelekee daktari wa mifugo sampuli mbichi ya kila farasi ahesabu mayai, kisha watibiwe farasi wakubwa wanaozidi takriban mayai 200 kwa gramu, kwa dozi inayolingana na uzito uliopimwa, si wa kukisia. Hesabu irudiwe baada ya siku 14: ikiwa benzimidazoli imepunguza mayai kwa chini ya asilimia 90, shuku usugu. Wenye mayai machache wanatosheka na dozi moja au mbili kwa mwaka, kwa kuwa minyoo wao wasioguswa na dawa huchanganya uzao na walio sugu, hivyo usugu hauenei haraka.

Watoto wa farasi wapangiwe na daktari, maana askaridi wao, yaani minyoo wakubwa wa mviringo wa utumbo mwembamba, mara nyingi hawafi kwa dawa ya ivermektini. Kinyesi kiondolewe malishoni mara mbili kwa wiki, kazi ninayoithamini kuliko dawa yoyote.