Kabla hujaingia kwenye kikao cha familia kuhusu kozi

Aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei hudhani ana likizo ndefu. Hana. Wengi huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa kawaida hutoka Julai, na punde vyuo vinaanza kupokea maombi. Katikati ya pilikapilika hizo ndipo baba mkubwa anapiga simu kukumbusha kwamba ukoo mzima hauna daktari hata mmoja. Jiandae kabla ya simu hiyo, maana mwisho wake ni kikao cha familia cha kuamua usome kozi gani chuoni.

Anza na kile ambacho hakijadiliki: kombi yako (mchanganyiko wa masomo uliyosoma) na pointi zako. Kigezo cha chini cha shahada kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya hapo kila kozi ina masharti yake, na yote yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Udaktari unadai Fizikia, Kemia na Bailojia zote tatu, kwa hiyo aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hana haja ya kugombana na mtu. Chapisha kurasa za kozi unazozifikiria uende nazo sebuleni. Karatasi ya TCU huheshimiwa kuliko maneno ya mtoto.

Kisha hesabu miaka hadi mshahara wa kwanza, usiishie kwenye mahafali. Udaktari ni miaka 5, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Uhandisi ni 4. Mwenye shahada ya sheria bado hajawa wakili, lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School). Mhasibu anayetaka CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, ana mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu) inayomsubiri. Ualimu ni miaka 3, lakini wazazi wanaokumbuka enzi za kutoka chuoni na kupangiwa shule moja kwa moja waelezwe kwamba siku hizi walimu nao wanapanga foleni ya usaili.

Suala la hela lizungumzwe waziwazi, maana mara nyingi ugomvi wa kozi ni ugomvi wa ada uliovaa nguo nyingine. Nani analipa? Kama jibu ni Bodi ya Mikopo, fahamu kwamba utahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), sahihi ya serikali ya mtaa na mdhamini. Mdhamini huyo kwa kawaida ni mzazi au ndugu yuleyule unayetaka kumnunia. Ukishaajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara. Na kama utakaa nyumbani Mbagala huku ukisoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), weka nauli ya kila siku kwenye hesabu, pamoja na ukweli kwamba utasoma chini ya paa la wale uliobishana nao.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni simu. Maombi hutumwa moja kwa moja chuoni kupitia mtandao, na akaunti hufunguliwa kwa namba ya simu na barua pepe. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Sasa fikiria uko kambini JKT, mjomba amekujazia fomu pale steshenari ya Mwenge kwa namba yake. Nia yake inaweza kuwa njema kabisa, lakini uamuzi umeshahamia mfukoni mwake. Sajili kwa laini yako na barua pepe yako, nywila ujue wewe. Kama lazima mtu akusaidie, chagueni pamoja, na mpangilio wa kozi umwandikie kabla hujaondoka.

Mwezi Julai TCU huandaa maonesho ya vyuo vikuu viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Nenda na mama. Ukirudi peke yako na vipeperushi utakuwa umeleta makaratasi tu. Mama akimhoji mhadhiri mwenyewe kuhusu ajira, atarudi na majibu yake. Wewe mtafute mtu aliye kazini kwa miaka miwili mitatu, si bosi, umuulize alikaa mtaani muda gani kabla ya kupata kazi na siku yake ya kawaida ikoje.

Kikao chenyewe usikiite ghafla. Ongea kwanza na yule anayesikilizwa, pengine shangazi, umuulize wazee wanaogopa nini hasa. Suluhu ya katikati nayo ichunguzwe: anayependa mashine huku nyumbani wakitaka hospitali anaweza kufikiria uhandisi wa vifaa tiba, ila asiuchague kwa sababu tu umemaliza mabishano. Kozi isiyotakiwa na yeyote ndiyo rahisi kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Wapo wanaokubali kozi ya mzazi wakiwa na mpango wa kimyakimya wa kuhama mwaka wa kwanza. Kuhama kupo, lakini kuna muda maalumu, lazima uwe na sifa za kuingia kozi unayoitaka, na nafasi iwepo. Uliza ofisi ya udahili ya chuo husika, na Bodi ya Mikopo pia, kabla hujasema ndiyo sebuleni.