Mvumo wa Gurudumu: Namna ya Kuitambua Beringi Iliyochakaa

Mvumo wa beringi ya gurudumu hauanzi kwa kishindo. Huingia polepole, pengine kwa wiki kadhaa, hadi siku dereva anapozima redio na kugundua kwamba gari linanguruma kama ndege inayopita mbali. Kwa kuwa sikio hulizoea lile linalosikika kila siku, mara nyingi anayeuliza kwanza ni abiria ambaye hajalipanda gari hilo kwa muda.

Ndani ya beringi mna gololi au rola zinazozunguka kati ya pete ya ndani na pete ya nje, zikiwa zimelainishwa kwa grisi. Uso wa chuma ukishaliwa na kuwa na vishimo, kila gololi inayopita juu ya kishimo hutoa pigo dogo, na gurudumu likizunguka kwa kasi, mapigo hayo huungana yakawa mvumo mmoja mfululizo. Kwa sababu hiyo sauti ya beringi hufuata kasi ya gurudumu na si mzunguko wa injini, na vipimo vyote vya barabarani vimejengwa juu ya ukweli huo.

Anza kwenye barabara iliyonyooka, laini na isiyo na magari mengi. Funga madirisha, zima redio na feni, kisha ongeza mwendo taratibu. Mvumo wa beringi kwa kawaida huanza kusikika vizuri gari linapofika kilomita 50 au 60 kwa saa, na hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Ukiushikilia mwendo uleule, badilisha gia ili injini izunguke haraka zaidi au polepole zaidi, au weka nyutro kwa sekunde chache huku injini ikiendelea kuwaka. Usiizime kamwe gari likiwa kwenye mwendo, kwani usukani na breki vitakuwa vizito. Sauti ikibaki vilevile, injini haina hatia. Ikiwa inabadilika sana kila unapokanyaga au kuachia mafuta ilhali mwendo ni uleule, elekeza shaka kwenye difu (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu) au giaboksi kabla ya kuyagusa magurudumu.

Mshukiwa mwingine ni tairi, na huyu ndiye anayewapoteza watu wengi zaidi. Tairi lililolika kwa mawimbi au kwa meno kama ya msumeno huvuma karibu sawasawa na beringi. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, kwanza kuelekea mbele kisha kurudi nyuma: likiwa laini upande mmoja na kukwaruza upande mwingine, umepata sababu ya kutosha ya kelele. Angalia pia kama sauti inabadilika unapotoka kwenye lami laini kwenda kwenye lami yenye kokoto, kwa sababu kelele ya tairi hutegemea sana uso wa barabara, ilhali beringi huvuma karibu vilevile popote. Shaka ikibaki, hamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, pale ambapo ukubwa wake unaruhusu. Kelele ikihama nayo, hakuna haja ya kununua beringi.

Tairi likishaondolewa lawama, tafuta upande. Kwa mwendo wa wastani, penye nafasi na pasipo na gari jingine karibu, pinda kidogo kushoto kisha kulia, kwa upole, bila kulitikisa gari. Gari likipinda kushoto, uzito wake huegemea magurudumu ya kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi wakati huo na kupungua unapopinda kulia, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa. Kinyume chake huelekeza kushoto. Kipimo hiki ni kizuri, lakini nashauri kichukuliwe kuwa shaka na si hukumu. Baadhi ya beringi zenye safu mbili za gololi huharibika safu moja tu na kutoa jibu lililogeuka, na bodi ya gari husafirisha sauti kiasi kwamba beringi ya nyuma huweza kusikika kana kwamba iko chini ya miguu ya dereva. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha beringi ya mbele kwa kuliamini sikio, nikalipa gharama, kisha mvumo ukaendelea kama kawaida. Mbovu ilikuwa ya nyuma, upande uleule.

Kwa hiyo gari lazima linyanyuliwe. Liegeshe mahali tambarare na pagumu, zuia kwa vigingi magurudumu yanayobaki chini, linyanyue kwa jeki, kisha liegemeze juu ya stendi imara kabla ya kuingiza mkono popote. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulishikilia gari. Shika tairi juu na chini, ulivute na kulisukuma. Kisha shika kushoto na kulia, ufanye vivyo hivyo. Gurudumu likicheza, yaani likilegea, juu na chini na vilevile kushoto na kulia, beringi inashukiwa. Gurudumu la mbele likicheza kushoto na kulia tu, huenda ni ncha ya tairodi, fimbo ya usukani inayolipinda gurudumu. Na likicheza juu na chini, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa: breki hulifunga gurudumu na chuma kinachobeba habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake), hivyo mchezo ukitoweka ulikuwa wa beringi, na ukibaki, chunguza boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshikilia gurudumu) na viungo vingine vya chini.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Mtu hulitikisa gurudumu, halichezi, akatangaza kwamba beringi ni nzima. Beringi nyingi za magari ya kisasa, zile zilizofungwa kiwandani kwa sili, kizibo kinachozuia grisi isitoke na uchafu usiingie, huvuma muda mrefu kabla ya kuanza kucheza, na nyingine hazichezi kabisa hadi zimeharibika vibaya.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha mkono. Weka nyutro, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili viguse springi ya shokapu karibu na gurudumu hilo, ukijihadhari visibanwe. Beringi nzima huzunguka bila kuhisiwa. Iliyoliwa hupeleka mkwaruzo mdogo kwenye springi, kama mchanga unaosagwa, hata pale sikio lisiposikia kitu. Rudia upande wa pili wa ekseli ileile, kwa kuwa tofauti kati ya pande mbili husema zaidi kuliko hisia ya upande mmoja. Padi za breki zikikwaruza na kukuchanganya, fungua kalipa, kifaa kinachozibana padi hizo, na uitundike kwa waya, isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Kuyazungusha magurudumu kwa nguvu ya injini gari likiwa juu waachie mafundi wenye lifti: gurudumu moja likiwa limesimama, difu hulizungusha la pili mara mbili ya kasi inayoonyeshwa kwenye dashibodi.

Dalili nyingine husaidia bila kutosha peke yake. Habu iliyo moto sana kuliko mwenzake baada ya safari huweza kumaanisha beringi, lakini pia breki inayoshika. Taa ya ABS, mfumo wa kuzuia breki zisifunge magurudumu, huwaka wakati mwingine kwa sababu, katika magari mengi, pete ya sumaku inayosomwa na sensa imo ndani ya sili ya beringi yenyewe. Mvumo ukigeuka kuwa msago wa chuma kwa chuma, au gurudumu likicheza waziwazi, gari lisiendeshwe tena: linaweza kupoteza gurudumu.

Katika trela na baadhi ya magari ya zamani zimo beringi za rola zenye umbo la pia, ambazo husafishwa, hupakwa grisi upya na kurekebishwa kwa nati. Hizi huachiwa mchezo mdogo sana kwa makusudi, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo cha zile zilizofungwa. Zilizofungwa hazirekebishwi, hubadilishwa. Anayeifunga mpya aisukume kwa pete ile inayobanwa, kwani nguvu ikipita kwenye gololi huacha alama zitakazoanza kuvuma mapema. Pete ya sumaku ielekee kwenye sensa. Na nati ya ekseli ikazwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi kipimo cha mtengenezaji kabla ya gari kubeba uzito wake juu ya gurudumu hilo.

Baada ya kazi, rudi kwenye barabara ileile, kwa mwendo uleule, madirisha yakiwa yamefungwa. Mvumo ukiwa bado upo bila mabadiliko yoyote, rudi kwenye springi na uanze na gurudumu ambalo hukuligusa.