Somo: Kubadilisha nyaya za umeme katika kanisa la zamani la matofali

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na makanisa yake ya awali ya matofali hayafai kutendewa kama nyumba mpya ya kupangisha, ambayo fundi huchimba ukuta apendavyo na kuufunika kwa saruji.

Hatua ya 1. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, kisha hakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo. Panda darini na uchore njia ya kila waya. Waya wa zamani uliofunikwa kwa mpira na kitambaa usiukunje wala kuuvuta, kwa kuwa ganda lililokauka humeguka.

Hatua ya 2. Ondoa balbu na vifaa vyote, kisha pima ukinzani wa maganda ya nyaya, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500. Mzunguko ulio chini ya megaomu 1 usirudishiwe umeme, hata kama wazee wa parokia watasema kwamba taa zimewaka humo miaka yote.

Hatua ya 3. Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Pitisha nyaya darini, juu ya boriti na nyuma ya mbao za kuta. Panapobidi kushuka ukutani, chagua kona isiyoonekana kutoka kwenye viti. Toboa chokaa iliyo kati ya matofali, wala si tofali lenyewe, kwa maana chokaa huzibika tena, ilhali tofali la zamani lililopasuka ni shida kulipatia mwenzake wa rangi na kipimo kile. Tumia skrubu zisizoshika kutu: chuma cha kawaida kikishika kutu huvimba na kupasua kilichokizunguka.

Hatua ya 4. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, kila mzunguko na waya wake wa ardhi, pamoja na diferansieli ya miliampea 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, je, mabomba ya chuma ya zamani yanaweza kutumika badala ya waya wa ardhi?

Jibu: Hapana, ndugu. Maungio yake yana kutu, na ungio moja likiachia, kila kilicho mbele yake hubaki bila kinga.

Swali: Papa fundi, umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika tunachomeka jenereta kwenye soketi ya sakristia. Kuna ubaya?

Jibu: Ubaya mkubwa, mama. Umeme wa jenereta huweza kurudi kwenye laini ya barabarani na kumuua anayeitengeneza, na SNEL ikirudi ghafla jenereta huungua. Fungeni inverseri, yaani swichi isiyoruhusu vyanzo viwili kuungana.

Swali: Balbu za LED zinang'aa kidogo hata tukizima.

Jibu: Angalieni kwanza kama swichi inakata fazi (waya unaoleta umeme), kwani mara nyingi katika nyaya za zamani inakata nyutro (waya wa kurudishia umeme), na hapo kishikio cha balbu hubaki na umeme ingawa taa imezimwa. Msibadilishe balbu kabla ya kurekebisha hilo.