Kabla hujamgombeza mtoto wa mbwa kwa kukojoa ndani

Kama mtoto wa mbwa wako alishaanza kuzoea kwenda nje, halafu ghafla anakojoa ndani kila baada ya dakika chache, tena matone tu, usimgombeze. Mwangalie vizuri. Anachuchumaa muda mrefu, analia akikojoa, anajilamba sana, mkojo una damu au unanuka kuliko kawaida? Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, na majike ndio hupata zaidi.

Kinga mkojo wa asubuhi kwa kisahani safi, mimina kwenye kichupa chenye kifuniko, umpelekee daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akikupa dozi, imalize hata kama mbwa ameshachangamka. Maji usimnyime kamwe, hata kama umechoka kuamka usiku kumtoa. Mkojo ukiwa mzito unamzidishia maumivu. Na tafadhali, usimpe dawa zako za maumivu: paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua.

Mafunzo yaendelee polepole. Mtoe nje mara nyingi zaidi na umsifu papo hapo. Akijikamua bila hata tone kutoka, hiyo ni dharura, usingoje kesho.